Ukuta wa Upande wa Pili

Kazi yangu ilikuwa utepe.
Ncha moja kwenye kamera ya Otia,
ncha nyingine chini ya jicho la mwigizaji,
kisha naandika kwa chaki: mita mbili na robo.
Miaka ishirini na sita nimepima umbali huo,
na siku zote nilijua yeye haangalii pale nilipopima.

Alikuwa anaangalia ukuta.

Baba yake alichomelea vyuma kiwandani, Zestaponi,
na kila mchana mtoto alipompelekea mkate na jibini
alimkemea: Geuka! Moto huu utakupofua!
Akageuka. Akauona moto ukutani,
wa buluu, ukirukaruka juu ya makoti yaliyotundikwa,
na kila koti likawa na mtu ndani yake.
Shule yake ya filamu ilikuwa hiyo.
Ile ya Moscow ilimpa cheti, na mafua.

Waongozaji walimjia wakidai jua. Nataka jua!
Yeye hufunga dirisha, hutundika shuka jeupe,
hukalia kreti ya bia, husubiri.
Otia Gvasalia, taa zinawaka, tunangoja nini?
Nangoja shuka lizoee.
Macho hayana pazia, husemwa;
basi yeye alilibeba la kwake, limekunjwa,
mgongoni, mpaka milima ya Svaneti.
Mafundi wa umeme walimcheka. Wengine walimwita mwanga,
kwa kuwa shughuli zake zote zilianzia gizani,
nami nikaona kwamba, bila kukusudia, jina wamelipatia.

Filamu kumi na nne. Nitataja moja tu:
mjane anachambua maharage, dakika nne, hasemi,
na nje linapita wingu ambalo hatukulipanga.
Mwongozaji akainua mkono ili tukate.
Otia akaudaka ule mkono, akaendelea kupiga
kwa mkono wake uliobaki.
Watu hulia hapo. Sijui kwa nini.
Ni maharage.

Kisha ikaja miaka ya Tbilisi bila umeme.
Studio ikawa ghala la viazi,
kipimamwanga chake kikaenda sokoni,
kikarudi kikiwa nusu gunia la unga.
Tulipiga harusi. Tulipiga na mazishi, zaidi mazishi,
jenereta ikikohoa uani kuwashinda waombolezaji,
na mama mmoja wa Sololaki alipoitazama kanda
alisema: Mwanangu hakuwa mzuri hivi alipokuwa hai.
Hakutulipa.
Otia alisema amelipa.

Hakuoa, au alioa kidogo, wiki chache za Machi.
Hakuzaa. Mtoto pekee aliyempata
ni mtoto wa jicho, tena pacha,
akawabembeleza uzeeni, hataki daktari awaguse.
Alipokubali, alitolewa mmoja.
Jicho la kulia likaona theluji ya buluu, buluu ya kiwandani;
la kushoto likabaki na dunia yake ya rangi ya chai.
Alikaa kitandani akifumba hili, akifumbua lile.
Lamzira, ni lipi lililokuwa likidanganya
katika zile filamu zote?
Sikumjibu. Mimi ni mtu wa utepe.

Jana wamemlaza sebuleni, jeneza wazi,
na mpwa wake, kijana mwema, akaleta taa kubwa
akaimulika usoni kabisa, ili wageni wamwone.
Nikaigeuzia ukutani.
Wakanikazia macho kama mwendawazimu.
Ngojeni, nikasema.
Chokaa ikapokea, ikarudisha kidogo, kidogo,
mpaka shavu likawa shavu.

Kwa mazoea tu nikatoa utepe mfukoni.
Ncha moja chini ya jicho lake.
Ile nyingine ningali nimeishika,
sijui niifunge wapi.