Kitochi

Zamu ilikuwa imeisha tangu saa mbili, nami bado niko wodini,
ukungu wa Tukuyu umeegemea madirisha
kama ndugu wa mgonjwa aliyekatazwa kuingia.

Bibi Subilaga, kitanda cha tisa,
alikuwa akinieleza maumivu yanakoanzia.
Alianzia mbali, kama tunavyoanza watu wa huku:
mvua iliyonyesha siku ya mazishi ya dada yake,
mkungu wa ndizi alioubeba peke yake,
kisha mgongo, kisha
mfuko wa koti langu ukatetemeka.
Nikachungulia.
Kundi la harusi ya binamu: fulani ameahidi elfu hamsini.
Nilipoinua uso bibi alikuwa amenyamaza,
mikono juu ya blanketi.
"Maliza kwanza na huyo wa mfukoni," akasema,
"mimi nitangoja."

Hakuwa na kejeli. Hilo ndilo lililoniuma.
Jina lake lenyewe limebeba subira tumboni,
nami nilikuwa nikiichota kama maji ya bure.

Nyumbani nikahesabu, kama ninavyohesabu matone ya dripu:
makundi thelathini na moja.
La madaktari wa zamu, sawa, hilo lina damu ndani yake.
La ukoo. La wazazi wa darasa la tatu.
La watu wa kiwanja ambacho hatukununua.
Kidole kikiteleza hadi usiku wa manane,
macho makavu, shingo imepinda,
na Ambokile kando yangu amegeukia ukuta,
amechoka kulala na mwanga.

Jumamosi nikashuka sokoni, matope hadi visiginoni,
nikanunua kitochi,
vitufe vyake vigumu kama bisi zilizokataa kupasuka.
Namba yake wanayo wanne tu:
wodi, chumba cha upasuaji, mama, Ambokile.
Kikilia, naamka.
Kisipolia, dunia iko salama,
au walau haijanihitaji mimi.

Ile kubwa inalala jikoni, ndani ya debe la maharage.
Usiku wa kwanza niliamka mara tatu kuisikiliza.
Usiku wa nne, sitasema uongo, niliifuata;
nikasimama gizani, mkono umezama hadi kiwiko,
baridi ya Juni ikinipanda miguuni,
na binti yangu Lusajo akatokea mlangoni:
"Mama, unatafuta nini?"
Nikamjibu: "Nachambua."

Bado najikwaa. Juzi niliijibu harusi nikiwa chooni.

Ila leo kwenye raundi nimevuta stuli, nimeketi,
koti langu jepesi upande wa kushoto.
"Bibi, tulikuwa tumefika mgongoni."
Akanitazama mfuko, kisha uso.
"Hapana," akasema, "tunaanza upya.
Siku ile mvua ilinyesha."