Nusu Saa Kangemi

Inakufa Kangemi. Kila Jumamosi, Kangemi,
pale barabara inapoanza kupanda
na malori ya saruji yanatuhemea mgongoni.
Haikohoi, haitoi moshi.
Inanyamaza tu, kama mtu aliyekumbuka deni.

Pijo 404 ya marehemu baba, rangi ya chai ya maziwa.
Kaka yangu Obare aliifungia mtambo mpya wa umeme,
akang'oa platini, akazitia kwenye kopo la Kimbo,
akang'oa na kile kipande cheupe kando ya koili,
kidogo kuliko kidole cha mtoto.
"Hiki kinakula moto bure," akasema.
Cheche ikatoka kali, ya buluu. Tukapiga makofi.

Sasa nafungua boneti, natemea koili mate.
Tsss.
Shingoni inavuja mafuta meusi.
Mama, kiti cha mbele, jicho moja limezibwa pamba:
"Imechoka?"
"Imeshika joto, Mama."
"Basi iache ipoe. Na mimi sijamaliza."

Ni katika nusu saa hizo nilipojua
kwamba baba aliinunua kwa pesa za ng'ombe wa mtu,
kwamba aliogopa madaraja,
kwamba kabla ya Obare kulikuwa na msichana,
siku tisa,
hawakuwahi kumpa jina.
Hilo alilisema akitazama malori.
Kisha akauliza kama imepoa.

Ijumaa nikashuka Grogani, kwa Kithome,
fundi wa umeme asiyemtazama mtu usoni.
Akaweka mita, akaguna.
"Koili hii ilizoea volti tisa. Mnaimwagia kumi na nne.
Nani alitoa kizuizi?"
"Kaka yangu. Alisema hakina kazi."
"Kazi yake ni kupunguza."
Akapekua debe la skrubu hadi kiwiko.
"Watu hawaioni, hiyo kazi ya kupunguza.
Mia nne. Na ufunguo usiuache wazi injini imelala,
utaipika."

Jumamosi tukaipita Kangemi kama tusioijua.
Gia ya tatu, sauti moja, safi.
Mama alikuwa anasema, "Mwaka ule baba yako
alipofukuzwa Reliwe, usiku alirudi na—"
na geti la kliniki ya macho likafunguka,
nesi akashika mlango.
"Tumeshafika?" akauliza Mama.
Akashuka. Sentensi ikabaki kitini.

Tulipogeuka kurudi, jua lilikuwa bado la saa saba.
Niligusa koili kabla ya kuondoka:
vuguvugu, kama sufuria ya chai iliyosahauliwa.
Kithome ni fundi.

Kangemi, nikatoka barabarani, nikasimama penye kokoto.
"Nini tena?"
"Joto," nikasema.
Nikazima. Nikachomoa ufunguo kabisa,
nikauweka mfukoni.

Akanitazama kwa lile jicho lake zima.
Hakuuliza mbona sifungui boneti.
"Alirudi," akasema, "na viatu vya mtu mwingine."