Mbao za Mpaina

Kikundi chetu hapa Ilemi kiliundwa kwa ajili ya kufa.
Elfu mbili kila Jumamosi, sufuria tatu kubwa, turubai,
na mbao za mpaina kutoka Mafinga, zimeegemezwa
ukutani kwa fundi Ambindwile, zikisubiri kipimo cha mtu.
Mimi natunza daftari. Najua nani anadaiwa.

Juni ile baridi ilishuka Loleza kama mdai.
Tupokigwe, mwezi wa tatu bila kodi,
alirudi kutoka kuuza maparachichi akakuta kufuli jipya
na vitu vyake vimepangwa nje kwa adabu:
jiko, godoro lililokunjwa, ndoo,
na juu ya ndoo madaftari ya Ipyana, kubwa chini, dogo juu.
Mwenye nyumba hakuvunja hata kikombe.
Hilo ndilo lililoniuma, unadhifu wake.

Siku tisa walilala sokoni, chini ya meza ya ndizi,
majani makavu chini, majani makavu juu.
Mtoto alikwenda shule akinuka ndizi mbivu.
Sote tuliwaona. Tena tuliwasalimu,
*Ugonile?*
maana huku kwetu salamu huuliza kama umelala,
naye aliitika vizuri, kama inavyoitikiwa.

Jumamosi, Mama Lugano alifungua katiba:
"Hapa pameandikwa msiba. Huyu yu hai."
Mwingine akasema, leo yeye, kesho mtaa mzima utatupigia hodi.
Sitajitoa. Nilitikisa kichwa kukubali,
kidole changu kikiwa juu ya salio.

Ambindwile hasemi sana, mdomo wake ni kopo la misumari.
Siku ile aliitema kiganjani.
"Akifa usiku huu kwa baridi, nitakesha nikipiga randa.
Asubuhi atakuwa na mbao zake, nzuri, bila deni,
na ninyi mtalia.
Nauliza tu.
Lazima afe ndipo nimpime?"

Hakuna aliyepiga kofi.
Mtu alikohoa. Mtu alifunga katiba.

Anyimike akakata pembe ya shamba lake la viazi,
hatua kumi kwa nane, akaweka dole gumba mbele ya balozi
na kusema viazi vya mwaka huu lakini avune yeye.
Vijana wa bodaboda wakabeba matofali,
wakagombana juu ya petroli, wawili wakasusa,
mmoja akarudi jioni kimya, na matofali manne.
Mama Lugano alileta mabati.
"Yana matundu," akasema kwa ukali,
kana kwamba kuna mtu alimshutumu.
Tukaziba kwa lami.

Na mbao zikawa mlango.
Zilizobaki zikawa dirisha, na kigoda cha Ipyana.

Usiku nilikaa na daftari, kalamu haiendi.
Safu ninazo tatu: tarehe, kiasi, jina la marehemu.
Nikaandika Tupokigwe,
nikachukua rula
nikalikata lile neno la juu, taratibu, mstari mmoja ulionyooka.

Novemba, mvua ya kwanza.
Alfajiri nasikia hodi, ni yeye, khanga imelowa.
Nikajiandaa kupokea shukrani,
nikatengeneza hata uso.

"Ule mlango," akasema, "mbao zilikuwa mbichi.
Umevimba. Unakwaruza sakafu.
Nausukuma kwa bega kila nikitoka.
Mwambieni Ambindwile aje na randa, tena leo."
Amekunja sura,
sura kamili ya mwenye nyumba.

"Ugonile?" nikamuuliza.

"Nimelala," akasema, "nimelala vizuri,
lakini mlango..."