Upana wa Picha

Nyawera, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa,
kazi yangu ni kupanga picha na herufi.
Bisimwa alishuka kutoka Kadutu saa nane usiku,
viatu vikinuka moshi,
akaniwekea kadi ya kamera mezani:
picha mia mbili na kumi na moja.
Nyumba za mbao za Kadutu husimama bega kwa bega;
ikiwaka moja, mtaa mzima unakohoa.

Niliipata upesi ile waliyoitaka wa mbali.
Mwanamke, mdomo wazi,
kitenge kimemteleza kifuani,
nyuma yake rangi ya chungwa mpaka mbinguni.
Barua yao ilikuwa fupi: mtu mmoja. Uso mmoja.
Msomaji akiona wengi, hampi yeyote.

Nikakata.
Kushoto kulikuwa na beseni la bluu, nikalitoa.
Kulia, mkono wa mwanamume umemshika kiwiko,
utepe wa kupimia nguo umezungushwa kwenye kifundo.
Nao nikautoa.
Chini, viganja viwili vya kitoto kwenye pindo la sketi;
nilivipunguza kidogo kidogo,
kipanya hakikulia.
Na pale kitenge kilipomwacha
nikaweka kitufe chekundu: CHANGIA SASA.
Nikajipongeza. Nikadhani nimemsitiri.

Siku ya tisa akapanda ngazi zetu,
mkononi simu ya mpwa wake, kioo kimepasuka.
"Ni weye unapangaka mafoto?"
Nikasema ni mimi.
Nilikuwa tayari na samahani ya kifua,
nimeipanga kama barua ya ofisi, aya tatu.
Hakuifikia.
Aliweka kidole pembeni, pale picha inapoishia,
akasukuma kushoto, akasukuma kulia,
kama mtu anayevuta pazia lililogoma.
"Bajirani yangu beko wapi?
Munaonyesha dunia nalia peke yangu,
sawa vile mutu hana batu?"

Kulia peke yako kwetu ni msiba juu ya msiba.
Hilo nililijua kabla sijajua kusoma.
Nililijua, na mkono ukakata.

Nikafungua picha nzima. Akaanza kutaja.
Huyu Zihalirwa, fundi, aliacha cherehani ndani
akatoka na utepe tu.
Beseni ni la mama Namegabe,
tulikuwa hatusemezani tangu Pasaka, sababu ya mfereji.
Vidole ni vya Ajuwa, hakuniachia mpaka asubuhi.
Na huyu anayeonyesha mgongo simjui,
hata leo simjui,
lakini koti ni lake.
Koti gani, nikauliza.
Akaniangalia kama mtu anayengoja mtoto amalize hesabu.
Nikabonyeza picha iliyofuata, ya mia na sita:
koti la mwanamume, vifungo vyote vimefungwa,
limemfunika mpaka shingoni.
Sikuwa nimeifungua.

Niliwaandikia wa mbali. Walijibu kwa adabu:
kampeni inakwenda vizuri, haitabadilishwa.
Tangu hapo naikuta ikitembea.
Wiki moja imekuwa vita,
wiki nyingine mafuriko ya nchi isiyojua Kadutu iko wapi;
kitufe kimegeuka kijani,
mwanamke ni yuleyule, na ukingo ni wangu.

Siku ile hakuomba pesa, wala hakuomba ifutwe.
Aliomba moja ya karatasi, pana,
ampelekee Zihalirwa, aliyehamia Uvira kwa dada yake.
Mashine yetu ilikuwa imeishiwa wino mwekundu.
Karatasi ikatoka ya bluu tupu,
moto umekuwa kama ukungu wa ziwa saa kumi na mbili.
Nikataka kuikunja, nikamwambia arudi Jumatatu.
Akaninyang'anya,
akaipuliza wino ukauke.
"Moto tunajua," akasema.
"Mikono inaonekana."