Kidole cha Mwisho

Shekuwe karejea kutoka Mombasa na kamera
iingiayo mfuko wa kanzu kama kijaluba cha tambuu.
Kaiweka mezani kwangu, hapa Langoni,
baina ya kikombe cha chai na bili ya stima:
"Shangazi, dunia imepungua uzito.
Wewe hata leo wabeba tofali?"

Tofali, naam.
Niliipima dukani kwa Muhashamy,
huku kamera na lenzi yake, huku kilo ya sukari.
Sukari ilipaa juu kama bibi harusi aliyebebwa.

Niliishika ile ndogo. Si haba, ni nzuri,
ina vitufe mfano wa punje za mtama.
Lakini kidole changu cha mwisho hakikupata pa kukaa,
kilining'inia hewani
kama mgeni asiyeambiwa karibu.
Gumba nalo likabonyeza nisichokijua,
na kioo kikaniuliza, kwa herufi za sisimizi,
kama nataka kufuta zote.

Mikono yangu si ya vijaluba.
Mama aliiita mikono ya kukamulia tui.
Siku ya harusi yangu bangili ziligoma,
zikapakwa sabuni, zikapita na ngozi.

Na kazi yangu waijua, Shekuwe, ingawa hujaiona
wala hutaiona:
usiku wa kutolewa nje, milango imefungwa,
wanawake mia tatu na feni mbili,
moja yazunguka kwa hisani tu.
Udi. Jasho. Mafuta ya nywele. Mtoto kanishika buibui.
Nimepanda juu ya kiti kisicho na imani na mguu wake mmoja,
na bibi harusi ainua uso mara moja, mara moja tu.
Hapo sitaki kutafuta kitufe.
Vyangu navijua kama tasbihi, gizani, kwa kugusa.
Mpira wa mshikio ulibanduka mwaka wa mafuriko ya kisima,
nikagundisha kipande cha tyubu ya baiskeli.
Kimechakaa kwa umbo la kiganja changu;
mtu mwingine akiishika, yamkataa.

Uzito wenyewe ni dawa. Huituliza pumzi.
Kitu chepesi hutetemeka pamoja na moyo,
na moyo wangu, kwenye harusi za watu, si wa kuaminiwa.

Sisemi hainiumizi.
Shingo yanishitaki kila Ijumaa asubuhi.
Punda wa mawe, kwenye ndia nyembamba ya Mkomani,
aliibana ukutani na ubavu wangu pamoja.
Nilitazama kamera kwanza.

Basi jana, kwa ubishi tu,
nikapita na kijaluba chako kwa shangazi Mwanajabu.
Miaka ishirini huyu ananigeuzia kisogo:
"Niondolee mzinga huo matoni!"
Nina picha zake kumi na nne, zote za ukaya.
Alikuwa anachagua mchele, akinisimulia
jinsi jirani alivyouza kuku mmoja kwa watu wawili,
akacheka, meno manne, ungo ukacheza magotini,
nami nikabonyeza.
Hakusikia. Hata mimi sikusikia.

Nikamwonyesha.
Alikisogeza kioo mpaka kikagusa pua,
akakaa kimya muda wa kuchemka maji.
"Huyu si mimi," akasema. "Huyu ni mama."

Usifurahi, kijana.
Tofali langu halitoki begani,
Alhamisi kuna harusi ya akina Ummulkheri
na kiti ni kile kile.
Hiki chako bado hakina mahali pa kidole cha mwisho.
Nimekikunja chini yake,
kama ushikavyo kikombe cha kahawa kilicho moto,
kinakaa, lakini kinalalamika.

Nasema hivi tu: kiache mpaka Jumatatu.
Na chaja.