Usikanyage Majani

Daktari alisema tembea, sukari haisikii vidonge peke yake.
Ndiyo maana Jumamosi hii tumetoka Kiusa na umande,
mimi na jirani yangu Ndeonasia, raba miguuni,
tumevuka reli, tumeshika njia ya kuteremkia mtoni,
simu mfukoni inahesabu hatua kama mkopeshaji.

Geti bado limefungwa.
Kufuli kubwa, limeota kutu,
mnyororo umezungushwa mara tatu
na mtu aliyekuwa na hakika.
Ukuta wa kushoto haupo. Wa kulia haupo.
Matofali yamekwenda kujenga mabanda ya kuku ya Njoro nzima.
Ndeonasia akapiga hodi getini, kwa adabu,
kisha tukapita kando.

Dirisha la tiketi limebakiwa na maneno:
MKUBWA SHILINGI, MTOTO SUMNI.
Ndani wanaishi nyuki, na hawajalipa.

"Angalia upupu," akasema, akitangulia na fimbo.
Bembea zimebaki minyororo mitupu.
Mpera umeota chini ya ngazi ya mteremko,
umepanda kidato kwa kidato,
sasa umekaa juu kabisa, unasukumwa na upepo,
hautaki kushuka.

Kibao nilikikuta kwa goti, si kwa macho.
Nikafukua. Herufi nyeupe za fundi wa Manispaa:
USIKANYAGE MAJANI.
Majani yalikuwa yamekikanyaga kibao
miaka arobaini, bila faini.
Tulicheka mpaka mbega wakahama tawi.

Sikumwambia kilichonifanya nichague njia hii.

Nyumbani, ndani ya kopo la biskuti, kuna picha:
mama yangu juu ya raizoni zake, nywele duara,
bwawa la samaki nyuma yake,
na begani kwake mkono wa mtu.
Mkono tu. Mkasi ulipita penye kiwiko.
Shati la mikono mirefu, kifungo kimefungwa,
saa ya mkononi inasema saa nne na dakika kumi.
Baba hakuvaa saa maisha yake yote.
Alisema anayejua kazi yake haulizi saa.

Bwawa lipo. Halina maji, halina samaki,
lina chura mmoja na ndala ya mtoto, ya kushoto.
Nikasimama aliposimama mama.
Nikapima kwa jicho: ukingo, mkuyu, bega.
Aliyemshika angekuwa hapa, upande wa mtoni,
na hapo, mahali pa miguu yake,
pameota masale.

Gugu hujileta lenyewe.
Isale hupandwa, na anayepanda ana neno.
Kwetu ukikosa unachuma jani lake, unalipiga fundo,
unampelekea uliyemkosea,
na yeye hana ruhusa ya kukataa.
Haya yalikuwa saba, mstari mmoja, yamenipita kimo.
Jani moja la chini lilikuwa na fundo.

Nikaligusa. Lilikuwa bichi.

"Watoto hao," akasema Ndeonasia, "wanachezea kila kitu."
Sikuona nyayo za watoto.
Niliona njia nyembamba, majani yamelala,
inatoka bwawani, inazunguka mkuyu,
inapotelea upande wa daraja,
njia ya mtu mmoja, asiye na haraka, mwenye mkongojo.

Mama tulimzika Machame mwaka juzi.
Nikarudisha mkono mfukoni.
Lile fundo halikuja kwangu,
na sijui kama mtoto hurithi kusamehe
kama anavyorithi kihamba, au sukari.

Simu ikatetema: hatua elfu sita, hongera.

Tukarudi tulikopitia, kando ya geti, penye ukuta usiokuwepo.
Nilikwisha kushika njia nilipogeuka nimsubiri mwenzangu.
Alikuwa amesimama getini,
analitikisa lile kufuli kwa mikono miwili,
kuhakikisha limefungwa.