Rudi Kidogo

Mlango ule una minyororo ya kuchongwa pembeni,
samaki chini, ua katikati, na misumari ya shaba
ambayo mwenyewe huisugua kwa ndimu kila Alhamisi.
Nilikuwa nikiyaeleza hayo kwa watu kumi na wanne
huku nikihesabu kofia,
maana jana yake tulimsahau mmoja Marikiti.

Mwalimu Ditram Ngonyani alisimama kizingitini,
kofia ya ukindu, mpya, ya juzi.
Mkewe wa miaka arubaini na mitatu, Bi Skolastika,
alishika simu kwa mikono miwili, kama sinia.
"Rudi kidogo," mzee akamwambia. "Kofia haijaingia."
Akarudi.
"Kidogo tena."

Mtaro ule mimi naujua.
Nimeuruka tangu nikienda chuoni na juzuu kwapani.
Lakini kinywa changu kilikuwa bado kwa samaki wa mlangoni,
na neno "nyuma" lilipotoka
lilimkuta Bibi yuko chini.
(Siku hizi wakipiga picha, pale nasimama mimi.)

Hakupiga kelele. Alisema, "Lo,"
kisha kwa sauti ya darasani:
"Asiniinue mtu mpaka niseme."
Simu ilipiga picha yenyewe. Ninayo:
nyaya za umeme, kipande cha mbingu,
na pembeni kabisa, kofia.
Nzima.

Mifupa miwili, kifundo cha mguu.
Daktari alituonyesha kwa ncha ya kalamu
ufa mwembamba kama wa kikombe,
na wa pili, ambao haukuwa mwembamba.
Chuma, skurubu sita, wiki sita.
"Na Gede?" mzee akauliza.
"Gede haiendi popote, baba."
"Ni kweli," akasema Bibi. "Sisi ndio tunaokwenda."

Miaka thelathini na mmoja, kule Songea,
aliifundisha Gede kwa picha moja ya kitabu,
nyeusi na nyeupe, imefifia kwa vidole vya watoto.
Kesho yake alfajiri gari likaenda huko
na watu kumi na wawili.

Mimi nikabaki na fomu ya bima.
*Sababu ya kukatiza safari*: mistari miwili.
Mzee akaandika, polepole, kwa herufi za kuungana:
*Mimi nilimwambia arudi.*
Bibi akaichukua, akakata,
akaandika juu yake: *Mtaro.*

Jioni nikajaribu kumpa Gede kwa mdomo.
Hapa msikiti, nikasema, na kushoto kisima.
Alikuwa amefumba macho.
"Kushoto, ukiwa umesimama wapi?"
Nikaanza upya, langoni.

Kiatu kimoja kilikuwa kimebaki.
Siku ya tatu mzee aliniomba nimrudishe pale.
Hakuutazama mlango. Alipiga magoti
akachokora maji meusi kwa fimbo yake
mpaka mwenye nyumba akachungulia kutoka juu:
"Ni chako, baba? Nimekiosha. Kimekauka tangu juzi."
Akateremka nacho, kimejazwa gazeti kisipinde.
Hakutaka shukrani. Alitaka habari za mguu,
na alitaka kaunti isikie kwamba mifuniko yote
imeng'olewa, imeuzwa chuma chakavu, na anayelipa
ni mgeni wa watu.

Uwanja wa ndege alikaa katika kiti cha magurudumu,
viatu vyote viwili mapajani,
kofia ya ukindu kichwani mwake yeye.
Mzee alisukuma. Hakukubali kusaidiwa.
Kwenye mlango wa kioo gurudumu likakwama,
nami, kwa mazoea tu ya kazi, nikasema,
"Rudini kidogo."

Tukanyamaza wote watatu.
Nyuma yetu watu walikuwa wakigonganisha masanduku.
Kisha mabega ya Bibi yakaanza kutikisika,
na mzee akainama, akamchungulia usoni
kwanza,
ahakikishe ni kicheko.